Taa ya Højrup Ishuke Hadi Wapi

Jumanne, 4 Novemba

Basi jirani yangu Ellinor naye kaishusha taa ya kwake! Nimeiona nikipita na mkate. Sikuchungulia. Hapa Assens madirisha hayana mapazia, mtu hataki kuonwa, azime taa. Iko usawa wa birika la kahawa. Andika hivyo, Inger, usawa wa birika.

Inger ni binti wa kaka yangu, ndiye anayeniandikia. Mimi na kalamu hatukujuana, nilitolewa darasani nikapalilie viazi vya sukari. Lakini taa yangu! Vagn Højrup aliyeibuni ni mzaliwa wa mtaa huu huu, na hii alikuja kuitundika mwenyewe nikiwa msichana, mimi nikamshikia ngazi. Sahani tatu za bati jeupe, zimefunikana kama maganda ya kitunguu, balbu imejificha ndani. Marehemu Højrup alisema taa haitazamwi, taa inatazamisha. Ellinor ya kwake kanunua dukani.

Na Jumamosi Bwana Troels wa makumbusho anakuja kuchagua taa moja ya Højrup ya kuweka kwenye maonyesho. Jina la mwenye taa litaandikwa ukutani! Langu mimi, Petrea Lundsgaard, halijawahi kukaa ukutani. Liko kwenye sanduku la posta, tena herufi moja imebanduka.

Inger kauliza kwa nini tunazishusha. Mtoto wa mjini huyu. Taa ya juu ni ya zizini. Taa ya watu inainamia meza.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeishusha yangu usawa wa kikombe. Ellinor kapita dirishani polepole, eti anamtafuta paka. Hana paka!

Tukakutana kwa muoka mikate. Akaniuliza mbele za watu, siku hizi nakula gizani au naficha mikunjo? Nikamwambia, shoga, mikunjo yangu imemulikwa na Højrup mwenyewe, yako inamulikwa na risiti. Muoka mikate alicheka mpaka akaniongezea andazi la mdalasini. Nikalila njiani, nikipita taratibu dirishani kwake.

Ijumaa, 7 Novemba

Ya kwake sasa usawa wa sahani. Yangu pia. Ningefanyaje?

Chakula cha usiku kimekuwa kazi. Inger alikaa mkabala nami, nikaona mikono tu. Shangazi, anasema, nipo huku. Nikamwambia najua, naona vidole. Kijiko kikagonga taa, ting! Sauti safi kama kengele ya kanisa. Bati la sasa halilii hivyo. Højrup siku ile ngazini alinusa nyama ya nguruwe jikoni kwa mama, akasema, Petrea, naweza kufunga waya huu mara mbili kama chakula hakijaiva. Alikula vipande vinne. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, mgeni ni kesho.

Jumamosi, 8 Novemba

Bwana Troels kaja. Ana nundu kwenye paji la uso! Alianzia kwa Ellinor. Moyo wangu ukaimba. Nikampa pole nyingi, nikamwambia nyumba nyingine hazijui kupokea wageni.

Nikamkalisha. Keki ya malai, ghorofa tatu. Ilibidi ale kwa ubavu, kuikwepa taa, lakini akala. Kaiangalia taa akasema hajaona iliyotunzwa hivi, haina hata mkwaruzo. Kasema! Inger shahidi. Akatoa kalamu, akaniuliza Lundsgaard yangu naiandikaje. Nikamwambia muulize Inger, ila iwe kubwa.

Halafu sasa. Kwetu mgeni haachi meza bila kusimama ashukuru kwa kahawa. Na huyu kalelewa vizuri, ndiyo balaa lenyewe.

Akasimama.

Taa ikaruka, ikatua kwenye keki, ikarudi na malai mpaka kwenye waya, ikampiga tena. Sahani ya chini imebonyea. Yeye kaketi na malai sikioni, akanishukuru akiwa amekaa. Kalamu akairudisha mfukoni.

Jumapili, 9 Novemba

Kachagua ya daktari wa meno! Ile ya chumba cha kusubiria, iliyogandamana na dari kama popo. Daktari mwenyewe hajui hata ni ya nani, anaiita ile taa. Jina lake ndilo litakaa ukutani.

Ellinor kaja analia. Nikamkatia keki, upande usioguswa na bati. Tumekubaliana kosa ni la makumbusho. Mwanamume mrefu vile hapewi kazi ya taa.

Jumatatu, 10 Novemba

Inger kaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza sana! Niliiacha juu mno. Ingegusa meza kabisa, asingepata pa kuingiza kichwa. Angenywea kahawa kwenye kochi, akaistahi kwa mbali, na jina langu lingekuwa ukutani sasa hivi.

Lakini sikilizeni. Gazeti la hapa linakuja Alhamisi kupiga picha taa ya Højrup ndani ya nyumba. Ukurasa wa mbele, na jina chini ya picha! Watapita kwangu na kwa Ellinor. Palipobonyea sipafichi ng'o, nimepageuzia dirishani. Taa za Højrup ziko nyingi, yenye alama ya kichwa cha makumbusho ni hii moja tu. Na leo nai...

Nani huyo? Ellinor, yuko dirishani kwake anapunga mkono, kahawa tayari. Nakuja, shoga, nakuja! Weka kalamu, Inger. Utepe wa kupimia uko wapi? Huo mfupi, unaoingia mfukoni.