Mtu wa Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Ijulikane kwa vizazi vyote: leo saa nne asubuhi nimekamatwa nikiwa nimevaa soksi zinazofanana. Kosa: wizi wa cherehani ya shemeji. Niko seli ya kituo cha polisi. Mpelelezi ananihoji kila anapojisikia. Cherehani iko wapi? Nakohoa tu. Iko chini ya kitanda cha mama mkwe, na mwenyewe hajui!

Jumanne, 4 Machi
Mwanga! Mlevi mzoefu wa seli kanifungua macho: bwana wee, hapa uko mikononi mwa polisi. Hakimu akikupeleka rumande unakuwa wa mahakama, na mpelelezi hakuhoji mpaka hakimu aruhusu. Kortini shangazi kaja kunidhamini. Nikasema simjui! Akajibu haya, ukilia usiniite. Rumande. Ushindi.

Jumatano, 5 Machi
Kimya. Hakuna anayeniuliza lolote. Asubuhi askari magereza katuhesabu: arobaini na mmoja. Orodha: arobaini. Karudia mara tatu, kisha kaandika arobaini, bila kutazama tena nyuma ya mlango. Pale ameketi mzee mwenye vumbi mabegani. Sahani yake haiji.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwamkia. Marahaba yake imechelewa, kama imetoka kisimani. Naye alikimbia maswali. Hati yake ikapotea: polisi wakasema ni wa mahakama, mahakama ikasema ni wa polisi. Tangu lini? Hakumbuki. Wenzangu wananicheka, eti naongea na ukuta. Mimi namcheka mzee. Hana hati, anangoja nini? Si aondoke!

Ijumaa, 7 Machi
Kwa kuwa najua kusoma, karani wa gereza kanipa majalada niyapange. Hati yangu ya rumande hiyo hapo. Nimeila! Wino mchungu. Sasa sina mwenyewe: si wa polisi, si wa mahakama. Mzee amesogea, kanipa nafasi nyuma ya mlango. Pana baridi.

Jumatatu, 10 Machi
Orodha mpya imeandikwa kutoka kwenye majalada. Askari kahesabu arobaini na mmoja, kaandika thelathini na tisa. Sahani yangu haikuja. Mchana karani kaleta habari: mama mkwe akifagia kaiona cherehani, shemeji kafuta kesi, niachiwe. Kaita jina langu. Nimeitika mara tano! Katazama orodha, kasema hayumo, waulizwe polisi.

Sikati tamaa. Nina mpango: nitaila orodha yote.

Mzee anasema yeye aliila mwaka wa kwanza. Waliandika nyingine.