Mamlaka Kamili ya Bwana Mulongo

Wakazi wote wa mtaa wa Tausi, kando ya Barabara ya Jogoo, walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ile ya mwaka 1998, dhuluma imekomeshwa rasmi. Ofisi ya nyumba ilikuwa imepata kompyuta. Hakuna faili litakalopotea tena, alisema Bwana Mulongo, meneja wa nyumba, wala litakalofunguliwa ovyo ovyo kama mlango wa kilabu cha pombe ya busaa.

Watu walipiga makofi. Enzi za makaratasi, aliyedhulumiwa aliambiwa faili lake limeliwa na panya, na panya wa ofisi ile walikuwa na desturi ya kula mafaili ya watu wasio na jamaa wakubwa.

Abdiqadir, fundi aliyeileta mashine, alieleza kwamba karani yeyote angeweza kufungua faili na kulisoma. Lakini ukibonyeza mausi upande wa kulia, ilijitokeza orodha fupi yenye mstari wa kufungua kwa mamlaka ya msimamizi. Ukishaandika neno la siri, unaweza kubadilisha au kufuta chochote. Akashauri mstari huo utumiwe kwa nadra. Mulongo alimhurumia. Mtu hupewa gari la serikali kisha akaambiwa atembee kwa miguu?

Tangu siku hiyo alifungua kila kitu kwa mamlaka kamili, hata kalenda. Alipoandika neno la siri, karani wake Triza alitakiwa kutazama ukuta. Triza alipoomba ruhusa ya kurekebisha angalau majina yaliyokosewa, aliambiwa mamlaka si njugu za kugawa. Mulongo aliamini kwa dhati kwamba taifa liko salama.

Ndipo akaja Adhiambo. Mumewe Tobias, mfanyakazi wa reli, alikuwa amefariki, na kwa kanuni, mke aliyeandikwa kwenye faili huirithi nyumba. Alitaka tu ihamishiwe kwa jina lake kabla ya mwezi kwisha, la sivyo yeye na wanawe wangetupwa nje. Kwa bahati mbaya Caleb, shemeji yake Mulongo, naye alihitaji nyumba, na kitanda kilikuwa kimeshanunuliwa katika soko la Gikomba. Mulongo akalifungua faili kwa mamlaka kamili, akafuta jina la mke. Kumenya ndizi kungemchukua muda mrefu zaidi. Maendeleo ni kitu kizuri.

"Nyumba yako iko tupu, mama," alimweleza kwa upole.

"Mzee, mimi niko ndani na watoto. Saa hii maharagwe iko kwa jiko."

"Nyinyi mko. Lakini kwa mashine hamko, na serikali inafuata mashine."

Adhiambo alikasirika. Akakaa kwenye benchi la mlangoni, na kesho yake akarudi kukaa papo hapo.

Adhiambo alikuwa bado hapo wakati Bi Ndindi, mkaguzi kutoka makao makuu, alipokuja kuitazama kompyuta. Mulongo alijigamba kwamba ofisini humo hakuna mwingine awezaye kubadilisha hata herufi moja. Mkaguzi akamuuliza kama ana hakika. Akajibu ana hakika kama anavyolijua jina la baba yake.

Alipokuwa akitoka, Bi Ndindi akamuuliza mama wa benchini shida yake. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Abdiqadir alete nakala za mafaili alizohifadhi siku ya kwanza. Jina la Adhiambo lilikuwamo. Kwenye mashine ya Mulongo halikuwamo.

"Huenda ni panya," akasema Mulongo, kwa mazoea tu.

"Bwana Mulongo, panya walilijua neno lako la siri?"

Aliamriwa alirudishe jina pale pale. Adhiambo alisimama nyuma yake mpaka herufi ya mwisho, akamwambia ahsante, akaenda zake nyumbani na moyo mweupe.

Mulongo alishtakiwa kwa kulifuta jina lile. Siku ya kwenda kujieleza katika mahakama ya Makadara ilipokaribia, alimfuata Triza kwenye korido, kofia mkononi.

"Triza dadangu, niokoe. Sema tu hata wewe ulikuwa unafungua hizo faili kwa mamlaka kamili."

Triza alifikiri sana, maana ana huruma.

"Ningesema, mzee. Lakini niliomba ruhusa, ukakataa."