Mpaka Aseme "Naacha"

Jumatatu, 3 Machi
Bango langu jipya limewashwa taa juu ya mlango wa duka! Picha yangu, futi ya kupimia shingoni, na maneno "Sare za Shule kwa Uhakika". Limependeza mno. Kweli, limemeza mishahara ya miezi mitatu ya Bi Sindano, fundi wangu wa pekee, lakini duka bila bango ni duka gani? Jioni akaniuliza tena, kwa adabu, kodi ya chumba ataitoa wapi. Nikamwambia mambo yatakaa sawa. Akasema hata mwenye nyumba wake amelichoka neno hilo. Imenikera.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, amekula kwangu tena. Aliwahi kufagia ofisi ya wakili, kwa hiyo sheria anaijua. Anasema nikimfukuza fundi, nitamlipa mpaka nikome. Akiacha mwenyewe, hanidai kitu. Kinachotakiwa ni neno moja limtoke mbele ya shahidi: "Naacha." Neno moja tu! Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama si rahisi zaidi kumlipa. Biashara haijui huyu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeondoa kiti chake. Nimemwambia kimekwenda kwa seremala. Kiko stoo, kizima, nyuma ya marobota ya vitambaa. Ameshona amesimama mpaka mchana, kisha akageuza ndoo, akaweka vipande vya kitambaa juu, akakaa. Hakulalamika! Nimezunguka kidogo kwenye kiti changu cha kuzunguka. Raha sikuipata.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemhamishia stoo na cherehani yake. Hakuna dirisha, joto ni la kuokea mikate. Wateja wakamfuata humo humo. Mmoja akanikuta mezani, akaniuliza mwenye duka yuko wapi. Nikamwonyesha bango. Akalitazama, akanitazama, akasema hatufanani.

Ijumaa, 7 Machi
Silaha kubwa. Bi Sindano ni wa umri wa mama yangu. Ndiye aliyenifundisha kukata suruali, na kila asubuhi lazima nimwamkie. Leo sikumwamkia. Nikapita mbele yake mdomo nimeubana. Akaendelea kutunga uzi, kisha akasema taratibu: "Marahaba, mwanangu."

Marahaba ya nini? Sikusema kitu!

Nimekaa nje muda mrefu. Niliona aibu, ile ya utotoni, ya kukamatwa na mkono ndani ya kopo la sukari. Ningeweza kuingia, nikamwamkia, nikatoa kile kiti. Nimelifikiria jambo hilo kwa dhati. Nimefikiria mikono yake ilivyoshika yangu kwenye mkasi, siku ambayo hakuna aliyedhani ningekuwa mtu. Halafu nikakumbuka kwamba bango bado lina deni.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya siku! Nimemleta shemeji awe shahidi, nikamficha stoo nyuma ya marobota kabla fundi hajafika. Katikati ya asubuhi Bi Sindano akainuka, akashika mkoba, akasema, "Naacha..."

Nikaruka! Shemeji naye akachomoka, marobota yote yakaporomoka juu yake. Bi Sindano akamalizia sentensi: anaacha mkoba wake hapa, anakwenda msalani.

Lakini msalani hakwenda. Marobota yalipoanguka, kiti kilibaki wazi. Kizima, miguu yote minne. Siku zote hizi alikuwa amekaa juu ya ndoo, na kiti kiko mgongoni kwake. Alikitazama muda mrefu, machozi yakamlenga. Akachukua mkasi wake, akavua subana yake ya kushonea kidoleni, akaitia mkobani, akaondoka. Kuaga hakuaga.

Shemeji, akiwa bado chini ya vitambaa, amenihakikishia kwamba kuondoka kimya ni kuacha pia. Tumeshinda. Nimemnunulia soda. Yangu sikuimaliza.

Jumatatu, 17 Machi
Nimeitwa ofisi ya kazi. Afisa kazi ni mama mmoja asiyecheka. Nikaeleza kwa ufasaha kwamba fundi ameacha kazi mwenyewe, kwa hiari yake. Bi Sindano akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuacha. Ameachishwa.

Neno hilo mimi nalijua kwa watoto wachanga wanaoachishwa ziwa. Nikasema hivyo. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Afisa akasema mtu asiyelipwa, akanyang'anywa kiti, akahamishiwa stoo isiyo na dirisha mpaka akashindwa kuvumilia, huyo hajaacha. Mwajiri ndiye aliyemwachisha, hata kama hakufungua mdomo. Nilipe mishahara yote, na fidia ya kuachishwa juu yake. Kipande kidogo tu cha neno, hiyo "-ishwa", na kimenimaliza!

Tulipotoka nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia tu, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba." Hakusema mwanangu.

Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu. Sikujua kwamba neno ambalo mtu hakulisema linaweza kuuma.

Alhamisi, 27 Machi
Nimeuza bango ili nilipe. Amelinunua fundi wa ng'ambo ya barabara, huko huko alikoajiriwa Bi Sindano. Uso wangu wameupaka rangi. Futi wameiacha. Kutoka mezani kwangu namwona akishona dirishani, ameketi kwenye kiti chenye mto. Wateja wangu nao nawaona, wamepanga foleni.

Jumatano, 30 Aprili
Fundi mpya ni hodari na mpole. Leo ameniuliza, kwa adabu, kuhusu mshahara wa mwezi wake wa kwanza. Amechagua siku mbaya, maana asubuhi nimeagiza bango jingine. Dogo zaidi! Mimi si mtu wa makuu.

Nimemwambia mambo yatakaa sawa. Jioni nikamsimulia mke wangu, akaenda kulala. Shemeji amekuja, tumekaa, tumetafakari kiutu uzima. Yaliyopita yamenifunza mengi, sikatai. Kosa lilikuwa kiti. Kiti ni kikubwa, hakifichiki.

Kesho naanza na balbu ya fundi.