Bendera ya Hatua ya Nane

Bariadi, Simiyu
4 Agosti 2025

Ndugu Rodgers wa chaneli ya Kaseti za Zamani,

YAH: KUOMBA KURUDISHIWA BENDERA

Tumsifu Yesu Kristo. Ungekuwa mlangoni kwangu ningekuambia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, nikupe kigoda, ndipo tuulizane habari. Kwa kuwa uko Dar es Salaam, nauliza kwa kalamu: umeamkaje? Macho yako yanaendeleaje na hiyo kazi ya kukodolea kioo kutwa nzima? Na mama yako, kama yupo, anakula vizuri? Sisi ni wazima. Pamba tumevuna, goti langu la kushoto linauma wakati wa kupiga magoti tu, na mengine namwachia Mungu.

Naitwa Esteria, mke wa Bundala, mama yake Lucy. Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hiyo ukikuta kosa lisahihishe kimya kimya. Nakuandikia kuhusu video yako ya gemu tano za utotoni ambazo hakuna aliyewahi kuzimaliza. Ya tatu ndiyo imetuumiza: gemu ya pikipiki, ile ya kwenye kaseti ya njano. Umesema hatua ya nane haina mwisho, kwamba waliotengeneza walisahau kutia bendera ya kumalizia, na ukishavuka daraja unaendesha tu mpaka umeme ukatike. Ndugu yangu, gemu hiyo mume wangu aliimaliza Juni 1999 katika kibanda cha Ngassa, hapa hapa Bariadi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umegusa ndoa ya watu. Nikueleze kama ndugu. Bundala alipoleta posa, baba yangu, Mzee Luhaga, aliuliza swali moja tu: "Huyu kijana amewahi kumaliza nini?" Shule aliiacha kidato cha pili. Nyumba yake ilikuwa na kuta tatu. Hata kwaya alikuwa anaimba beti mbili, ubeti wa tatu anatoka nje kupunga upepo. Ndipo mshenga akasimama akasema, "Mzee, amemaliza gemu ya pikipiki. Bariadi nzima hakuna mwingine." Baba hakujua gemu ni kitu gani, lakini kumaliza anakujua. Akasema, "Basi, kumbe anaweza." Mwaka uliofuata tukafunga ndoa.

Tarehe 24 mwezi huu tunafanya jubilei ya miaka ishirini na mitano, na baba ndiye wa kutubariki. Ana miaka themanini na sita. Sasa mdogo wangu Flora ameirusha video yako kwenye kundi la ukoo. Baba ameitazama mara mbili, akaniita, akasema, "Mayu, mama yangu, sitasimama kanisani kubariki kitu ambacho mwanzo wake nilidanganywa. Kwanza nimjue aliyenidanganya." Shati tulilomshonea amelirudisha, limekunjwa vizuri.

2. Umesema gemu ile haimaliziki "hata kwa muujiza." Hapo umeingia ofisi isiyo yako.

3. Umesema kupuliza kaseti hakukuwa kunasaidia kitu. Mume wangu amepuliza vitu maisha yake yote: rimoti, tochi, bomba la kunyunyizia dawa ya pamba, na vyote vilipona. Tangu video yako anaishika rimoti, anaitazama, anairudisha mezani. Redio yetu haijawaka tangu Jumanne.

4. Unaliza wanaume wazima. Anatoli, tegemeo letu la besi, alisikia ule muziki wako wa mwanzoni akakaa kwenye benchi la kwaya na kuniambia, "Shemeji, sisi tulikuwa na vidole." Hakuimba tena siku hiyo. Mazoezi ya jubilei yanaendelea bila besi.

5. Hili ndilo kubwa, nisome taratibu. Kama Bundala hakumaliza, basi baba alidanganywa. Kama baba alidanganywa, ruhusa yake haikuwa ruhusa. Kama haikuwa ruhusa, mimi nimekaa ugenini miaka ishirini na mitano bila kuaga. Na Lucy je? Lucy ndiye anayefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, watoto arobaini na mmoja. Nimempelekea Paroko jambo hili lote kwa mpangilio huu huu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, nenda kapumzike." Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Utadai ushahidi, na ni haki yako. Siku ile kibanda kilijaa. Bundala alipoingia hatua ya nane, ikashuka mvua ambayo Juni hatuijui, na nje ya ghala la chama cha ushirika kulikuwa na lundo la pamba lisilofunikwa. Pamba ikilowa haipokelewi. Kwa hiyo wote walitoka mbio kwenda kuvuta maturubai, Ngassa mwenyewe akiwa wa kwanza. Akabaki Bundala na shahidi mmoja, mtu mcha Mungu ambaye sitamtaja kwa kuwa bado yu hai. Shahidi huyo aliwaambia waliporudi kwamba amemaliza, na mji mzima ukaamini. Bundala mwenyewe si mtu wa kujisifu. Ukimuuliza habari za gemu ile anasema tu, "Muulizeni Mama Lucy."

Basi naomba uifute video hiyo. Ikishindikana, na kwa kuwa umesema unayo kompyuta ya kuifungua kaseti, ingia humo uitie bendera. Hata ndogo inatosha. Na hilo nalo likishindikana, ongeza pale mwishoni maneno haya: "Gemu hii haijamalizwa na mtu yeyote duniani, isipokuwa Bariadi." Baba akilisikia hilo kwa sauti yako, shati atalivaa.

Nisalimie mama yako, jirani zako wote, na huyo anayekushikia kamera, mkono wake usichoke. Bundala anakusalimu, Lucy anakusalimu. Anatoli hajasema kitu ila najua naye anakusalimu.

Ni mimi dada yako katika Kristo,
Esteria Luhaga

Tanbihi: Barua hii nimemsomea Bundala kabla sijaifunga. Nilipofika pale pa mtu mcha Mungu alicheka mpaka akakaa chini. Nimeona aibu kupeleka uongo posta. Shahidi ni mimi. Nilikuwa nimetumwa kumpelekea Ngassa karanga, mvua ikanifungia humo ndani. Waliporudi wamelowa wakauliza, "Vipi, kamaliza?" nikasema kamaliza, kwa sababu pedi ya gemu alikuwa ameiweka chini na alikaa kama mtu aliyemaliza. Lakini televisheni sikuitazama hata kidogo. Nilikuwa namtazama yeye.

Baba nitamwambia mwenyewe kesho, nikishatoka misa ya asubuhi. Video iache ilivyo. Nimemuuliza Bundala baada ya daraja kulikuwa na nini, naye anasema siku ile hata yeye hakuwa anatazama televisheni. Basi wewe uliyefika, tuambie kuna nini huko. Tafadhali jibu mapema.