Siku Tisa Bila Jina

Redio ya Leah, muuza kahawa wetu hapa Utemini, ilitangaza kwamba kuna kocha mpya anakuja nchini, Mjerumani, anaitwa Jonas. Hapo ndipo tulipochokoza nyuki.

"Jonas si Yona tu huyo!" akasema Transiti, dereva wa malori yaendayo Burundi. "Yona wa samaki, yule aliyetumwa akatoroka."

Hosea akapaliwa na kahawa. Huyu tunamwita Alizeti, maana ana mashine ya kukamua mafuta.

"Usinitajie Yona! Leo siku ya tisa mwanangu hana jina. Mama katoka Nduguti na Biblia yake, anasema mtoto ni Yona. Baba mkwe kaja na tasbihi, anasema ni Yunus. Wamekaa sebuleni wanatazamana, hata chai hawapokezani!"

"Sasa mtoto mnamwitaje?" Leah akauliza.

"Tunamwita 'wewe'."

Benchi zima likacheka. Mwanasheria akainua kidole. Huyu ni fundi viatu, ila hakuna kesi asiyoihukumu.

"Changanya. Yona Yunus Hosea."

"Hiyo ni kula ugali kwa ugali!" Transiti akaruka. "Yona ndiye Yunus! Mwarabu anasema Yunus, Mjerumani Jonas, Mwingereza Jona, tena kwa kubana pua. Nilimpa lifti padri Mwitaliano kutoka Itigi, naye akasema Jona, ila kwa mikono yote miwili, nusura anipokonye usukani. Mtu mmoja, samaki mmoja!"

"Tena tumboni alikaa siku tatu tu," Leah akadakia. "Wa Alizeti kafikisha tisa, na samaki wenyewe ni wawili, wamekaa sebuleni."

"Angekuwa samaki wa ziwa letu la Singidani," Mwanasheria akasema, "angemmeza kidole gumba, halafu aombe likizo."

Hosea hakucheka. Alisimama, akampigia baba mkwe simu nyumbani, akaweka sauti ya juu. Sote tukaiinamia kama karatasi ya mtihani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekubali Yunus?"

"Baba, Yunus na Yona ni nabii yuleyule. Hata Wajerumani wanaye!"

Halafu tukamsikia mama yake Hosea, Emiliana, kwa mbali: "Eti mkwe, hata kwenu alimezwa na samaki?"

"Alimezwa, mama. Akatapikwa ufukweni."

"Ufukweni hasa! Kumbe ni huyuhuyu? Lete kikombe nikuongeze chai."

Tulishangilia kama tumefunga bao dakika ya mwisho. Transiti akampiga Hosea mgongoni hadi kofia ikadondoka. Ndipo ikaingia sauti ya mkewe, Zuhura, imetulia mno.

"Baba Frank, umo?"

"Baba nani?"

"Frank. Nimetoka kuchukua cheti cha kuzaliwa sasa hivi. Wazee walikuwa wanabishana, hawakuniona nikitoka."

"Frank ni nani kwetu, Zuhura?"

"Bodaboda aliyenikimbiza hospitali uchungu uliponishika. Wewe ulikuwa hapohapo kijiweni, simu umezima."

"Nilikuwa natunza chaji!"

Simu ikakatwa. Hosea akaondoka mbio, kofia ameiacha chini. Mwanasheria akajikuna kichwa.

"Transiti, Frank ni nabii wa nchi gani?"

"Nchi siijui," Transiti akajibu, akimalizia kahawa yake. "Ila huyu alipotumwa, alikwenda."