Kuku wa Mama Jiko Ana Kesi ya Kujibu

Jumatatu, 4 Machi
Itangazwe rasmi, na vizazi vijavyo vijue: leo kiwanda cha magodoro kimeishiwa karatasi za chooni kabla ya chai ya asubuhi. Nusu ya wafanyakazi wanaharisha tangu karamu ya Jumamosi ya kumuaga mhasibu. Mshukiwa? Kuku wa Mama Jiko, mpishi wetu. Nani mwingine? Saladi ya viazi na mayonezi niliitengeneza mimi, mtunza stoo, kwa mikono hii!

Bosi amemsimamisha kazi hadi ukweli ujulikane. Lile jiko ndilo linalosomesha wanawe. Nimesikitika. Kidogo. Nimejitolea kuchunguza.

Jumanne, 5 Machi
Nimewahoji wagonjwa wote, mlangoni mwa choo, ndiko wanakopatikana. Ulikula kuku? Wote: ndiyo. Kesi imekwisha! Fundi cherehani akadakia kwamba hata saladi alikula, tena akaongeza. Nikamwambia hilo sijamuuliza.

Nikamtangazia bosi mbele za watu: mimi peke yangu sikugusa kuku wa yule mama, na nitazameni, mzima kama chuma!

Siri yangu na karatasi hii: tumbo linanguruma tangu Jumapili. Lakini nitasemaje? Nikiugua mimi, kuku yuko huru.

Jumatano, 6 Machi
Naficha kiume. Nikibanwa, naaga kwamba naenda kuhesabu magodoro. Bosi kasema hajawahi kuona stoo inayohesabiwa kwa bidii hivi.

Mke wangu kanisihi: baba watoto, nenda zahanati, acha ubishi. Nikamjibu mpelelezi haendi zahanati katikati ya upelelezi. Kasema basi na suruali za upelelezi nifue mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Kaja bibi afya. Binti mdogo, sawa na kitinda mimba wangu. Kanipa shikamoo nzuri, nikajua nimemweza. Kumbe! Badala ya wagonjwa, akaanza kuwahoji wazima. Nani anahoji wazima? Walinzi na wapakiaji wakasema kuku walimla hadi mifupa ikalia. Saladi? Walikuta bakuli tupu.

Macho yote kwangu. Nikasimama, kifua mbele: mimi saladi nimekula sahani mbili, kuku sikumgusa, na sina hata kikohozi! Akaniuliza kwa adabu, mzee wangu, mbona jasho linakutoka? Nikamjibu naenda kuhesabu magodoro.

Sikufika.

Ijumaa, 8 Machi
Mama Jiko karudi jikoni, kapigiwa makofi na vigelegele. Kisha kaniletea uji stoo. Kunywa, shemeji, kasema, huu hauna mkono wako. Mtamu, ndicho kinachouma. Nikamwambia umepungua sukari.

Sasa ukweli wenyewe. Ile saladi niliitengeneza Ijumaa jioni, kwa mayai mabichi. Friji iko jikoni kwake. Nimwombe nafasi yule? Mimi? Afadhali nife! Nikailaza stoo hadi Jumamosi mchana, katikati ya magodoro mawili mazito, nimeifunika vizuri kama mtoto. Nilipoifunua ilikuwa na joto lake, na harufu niliisikia. Nikaikoroga upya, nikaongeza chumvi, nikapakua.

Kosa nimeliona: chumvi ilikuwa kidogo.

Mwezi ujao dereva anastaafu. Nimeshajiandikisha kuleta samaki.