Kamera ya Kitako cha Chupa

Jumatatu, 22 Septemba
Jamu ya malimau niliyouza leo: hakuna! Magari yanapita hapa kijijini Wirrabilla kama yanafukuzwa. Nani atasoma kibao cha meza yangu kando ya barabara? Jioni lori limemkosakosa mbwa wetu, Biskuti. Mke wangu Noelene akatoka jikoni, akasema ataiandikia serikali ilete kamera ya kunasa wanaokwenda kasi. Nikamwambia asijisumbue. Mume wake ana akili.

Jumatano, 24 Septemba
Nimemaliza kamera yangu ya uongo! Sanduku letu la zamani la barua, rangi ya kijivu, kitako cha chupa ya bia ndicho jicho. Nimelitundika kwenye nguzo mbele ya meza yangu. Lo! Magari yote yamenywea. Nimeuza hata jamu iliyoungua.

Merv, muuza mayai wa ng'ambo ya barabara, akaja kuchungulia. "Clarrie, mzee mwenzangu, hiyo kamera ina namba ya nyumba yako." Wivu tu. Huyu huniiga kila kitu. Nikiandika kibao chekundu, naye chekundu.

Alhamisi, 2 Oktoba
Si nilisema? Mbele ya kwa Merv imechomoza kamera! Nguzo mpya, waya, hata vibao vya onyo. Bwege amejitahidi. Akaapa kwamba si yake, ni ya serikali. Nimecheka mpaka nikakohoa. Noelene naye alikuwa anasema jambo kuhusu barua yake, ila nilikuwa nakoroga jamu.

Jumamosi, 4 Oktoba
Wikendi ndefu, barabara nyeupe. Nimepita na gari mbele ya sanduku la Merv mara mbili, mafuta nimekanyaga hadi chini kabisa, ulimi nje. Merv akaruka na trei ya mayai mkononi: "We Clarrie! Wikendi hii alama za leseni zinakatwa mara mbili!" Ananiona mtoto? Najua nimebakiwa na alama chache, na zikiisha leseni inachukuliwa. Ndiyo maana naziheshimu kamera za kweli.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kwaheri leseni. Picha zimefika kutoka serikalini. Ulimi umetoka vizuri sana. Noelene kazibandika kwenye friji. Nikamlaumu kwa nini hakunionya. "Mume wangu, nilikuambia mara tatu. Uliniambia nilete sukari."

Kinachoniuma zaidi: magari sasa yanapunguza mwendo kwa Merv, na mayai yanaisha kabla ya chakula cha mchana. Biskuti anavuka barabara anavyotaka. Mimi napeleka jamu sokoni kwa kigari cha kukatia nyasi, na watoto wa shule wananipita kwa miguu.

Jumanne, 21 Oktoba
Merv hakomi! Leo kaweka sanamu ya polisi kando ya barabara, na mashine ya kupimia mwendo mkononi. Kofia, buti, hadi masharubu! Naiona hapa dirishani, imesimama tangu asubuhi, haitikisiki. Noelene ananipigia kelele kutoka jikoni, eti niache, nisitoke. Atanieleza baadaye. Ngoja kwanza nikayavute hayo masharubu.